Mto wa Ngozi Kwenye Baiskeli ya Kijani

Livorno, 2 Machi 2009

Kaka Ottorino,

Salamu zikufikie wewe na Mama hapo nyumbani, pamoja na yule paka wako mwenye jicho moja kama bado yuko hai. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Nevio bado anaendesha kreni bandarini. Mkewe ana mimba na hataki kabisa kusikia harufu ya samaki, na hapa ni Livorno, sasa sijui tumpeleke wapi. Mimi mgongo unapona. Daktari aliyenipasua ameniruhusu kutembea, kuogelea, na hata kuendesha baiskeli, ila kwa hiyo ya mwisho alininyooshea kidole: "Baiskeli isiyokutikisa, mama. Ukitikiswa tutaonana tena mezani kwangu."

Hapo ndipo penye shida yangu, na kwa kuwa masikio yako yamekataa simu tangu uache kazi ya mashine za kufuma, itabidi uisome. Oktoba kuna yale matembezi ya barabara nyeupe kwenye vilima vya Siena. Wanaruhusu baiskeli za zamani tu, za chuma, zenye vijiti vya gia kwenye fremu, na watu wanasimama njiani kula mkate na soseji. Nilipokuwa nimelala hospitalini siwezi kujigeuza, nilijiahidi kwamba nikisimama nitakwenda. Na nataka kwenda na baiskeli ya Baba, ile ya kijani aliyotengenezewa na fundi Bepi Callegher.

Sijawahi kupanda kitu laini kama kile. Nilikuwa nakaa mbele, kwenye ule mto mdogo wa ngozi Baba alionifungia kwenye bomba la juu, nayaona mawe ya barabara ya Solighetto yakipita chini yangu wala siyasikii. Tangu azikwe sijaligusa lile bomba. Najua iko darini, imefunikwa shuka. Nitakuja kuichukua Pasaka. Kama haiwezekani, basi nichagulie nyingine inayofanana nayo, maana katika ukoo huu anayejua baiskeli ni wewe.

Mdogo wako,
Elide


Pieve di Soligo, 19 Machi 2009

Mdogo wangu Elide,

Nimefurahi kusikia mgongo unakuitikia. Mama anakula vizuri asubuhi, jioni inategemea. Siku nyingine ananiita kwa jina langu, siku nyingine ananiita kwa jina la mjomba. Theluji imevunja mzabibu mmoja nyuma ya nyumba. Paka yupo.

Nikuambie ukweli, hayo matembezi yenu yananitia kichefuchefu. Kila mwanasheria mwenye masharubu ya kupaka nta sasa anavaa jezi ya sufi na kujiita mtu wa zamani. Wanapandisha bei ya vyuma ambavyo sisi tulivitupa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini umeshaamua, na ukishaamua wewe hata askofu hakugeuzi, kwa hiyo sikiliza.

Usiangalie jina lililobandikwa kwenye fremu. Nusu ya majina yale makubwa walikuwa wanatengenezewa na mafundi wa vichochoroni, kisha wanabandika jina lao juu. Angalia nafasi kati ya gurudumu la nyuma na bomba la kiti: kama kidole hakipiti, ile ni ya kijana wa miaka ya themanini aliyetaka kushinda kona, nawe itakuvunja. Nafasi ikiwa kubwa, fremu ni ndefu na itakubembeleza. Angalia uma wa mbele: uwe umepinda kwenda mbele kama mkono unaomsogezea mtu sahani, kwa sababu ukisimama wima kila jiwe linakuja moja kwa moja mabegani. Angalia kama tairi nene linaingia bila kugusa breki. Na usikubali fremu ndogo. Watu wanaona picha za mabingwa wenye kiti juu angani na usukani chini magotini, wanafikiri ndiyo uzuri. Wewe usukani wako ulingane na kiti. Mwisho kabisa, ipande kwenye mawe, si kwenye lami.

Pasaka usije, Mama ana mafua na daktari hataki wageni.

Kaka yako,
Ottorino


Livorno, 27 Aprili 2009

Kaka,

Nawasalimu tena, na nategemea mafua ya Mama yameisha, ingawa sijawahi kusikia mafua ambayo binti ni mgeni kwayo. Mkwe wangu sasa hataki harufu ya kahawa. Mimi natembea hadi gatini na kurudi.

Nimefuata maneno yako nikaenda kwa Daktari Sbrana, wa meno, mwenye baiskeli kumi na moja. Zimo katika chumba chake cha kulala. Mke amehamia chumba cha watoto. Sbrana akavaa glavu nyeupe kabla ya kuniletea moja nyekundu, akaibeba kama anabeba mtoto wa kubatizwa.

"Hii," akaniambia, "haijawahi kugusa maji."

"Barabara je?"

"Barabara ya nini, mama? Hii ni ya kutazamwa."

Nikamwambia mimi nanunua ya kukalia. Akashtuka kama nimemwomba nimkalie mama yake. Baada ya kubembelezana sana akakubali nizunguke ua wake wenye kokoto, naye anakimbia pembeni na kitambaa. Kidole changu hakikupita nyuma, lakini nilikuwa nimeshavaa viatu, nikaona nijaribu. Kaka, meno yaligongana. Nilihisi kila kokoto kwa jina lake. Niliposhuka, yeye akapangusa kiti mahali nilipokaa, mbele ya macho yangu, mara mbili. Niliondoka bila kumuaga, na hadi nafika nyumbani nilijihisi nahitaji kuoga.

Nikaona nyingine mbili. Moja imepakwa rangi mpya nzito kama uji, na jina limebandikwa upande. Nyingine mwenyewe ameitundika sebuleni juu ya televisheni akitaka niinunue pamoja na taa zake.

Kwa hiyo narudi pale pale. Hukunijibu kuhusu ya kijani. Ukurasa mzima umenieleza habari za kidole na uma na tairi, na vyote ulivyovieleza ndiyo ile yenyewe: ndefu nyuma, uma umepinda, tairi nene. Umeichora ya Baba bila kuitaja. Iko wapi?

Elide


Pieve di Soligo, 8 Juni 2009

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo ya mizabibu, halafu Mama alianguka jikoni, si vibaya, alama ya bluu tu kwenye paja. Sasa anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kunichapa mimi kuliko kutembelea. Hongera kwa mkwe. Chai je, anaivumilia?

Huyo Sbrana alichopangusa ni roho yake, mwache nayo.

Nimekupatia kitu. Conegliano kuna mama mmoja, Wanda Dal Bo. Mjomba wake alikuwa padri, don Sisto, na alikuwa na baiskeli ya mbio ya kahawia, fremu ya mwaka sitini na mbili. Kila Jumatatu alipanda nayo milimani, kanzu ameikunja ndani ya mkoba. Ni ndefu kama benchi la kanisa, tairi nene linaingia, na kimo ni chako. Hapo mbele hajawahi kukaa mtu. Nenda ukaijaribu kwenye mawe ya barabara ya juu, ile ya ngomeni.

Ya kijani achana nayo. Chuma kile kimechoka.

Ottorino


Livorno, 21 Juni 2009

Ottorino,

Mama nampa salamu. Wewe sijui nikupe nini.

Nilikwenda Conegliano. Treni ilifika mapema na mama Wanda alikuwa bado kanisani, nikaingia kula kitu kwenye mkahawa wa Loris Fantinel, pale karibu na kituo. Nikaagiza samaki chewa na ugali wa manjano. Nikainua macho.

Iko juu ya kaunta, kati ya paja la nguruwe na mtungo wa vitunguu saumu. Ameizungushia taa ndogo za Krismasi, zinawaka na kuzima. Kwenye usukani amening'iniza kofia za majani. Mafuta ya kukaangia yameganda kwenye spoku, mtu unaweza kuyakwangua kwa kisu. Na kwenye mto wangu, Ottorino, kwenye mto wangu wa ngozi, ameketisha mwanasesere wa plastiki mwenye sketi fupi, na wateja wanamrushia vizibo vya chupa wakilenga chini ya sketi.

Nikamuuliza ameipata wapi. "Nimepewa na mzee mmoja wa Pieve," akasema, huku anapangusa glasi. "Bure kabisa. Aliileta mwenyewe kwa gari, mwezi wa tatu. Nimemsumbua miaka na miaka hataki, halafu siku hiyo akaitua hapo mlangoni akasema nisimuulize kitu."

Mwezi wa tatu. Barua yangu umeipata mwezi wa tatu. Nilikuomba, ndipo ukaipeleka. Chakula sikukimaliza. Nilikuwa kilomita chache kutoka kwenu na nikarudi kituoni nikapanda treni ya Livorno, kwa sababu nilihisi nikikuona uso nitatapika. Baiskeli ya padri sijaiona wala sina haja nayo.

Baba alikukosea nini hata umweke awe kichekesho cha walevi?

E.


Pieve di Soligo, 3 Julai 2009

Elide,

Mama hajambo, amelala, ndiyo maana naandika sasa. Mzabibu uliovunjika umechipua. Nilidhani ningekufa bila kukuandikia haya, lakini nimeisoma barua yako mara nyingi na naona umeshachukizwa kiasi ambacho hakuna cha kuharibu tena.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilifurahi. Niliishusha ya kijani siku ile ile, nikaiegemeza uani kwenye jua, nikaanza kuisafisha ili uikute inang'aa. Nilikuwa naisugua cheni Mama akatoka mlangoni. Akaitazama, akaniuliza, "Amerudi?"

"Nani, Mama?"

"Huyo baba yako, Arduino. Ametoka Follina. Muulize kama ameshakula kwa yule mshonaji wake au nimpakulie."

Nikacheka, nikidhani ni yale mawenge yake ya kawaida. Akaja, akaweka kiganja kwenye ule mto, akausugua. "Tazama palivyotanuka," akasema. "Haya ni makalio ya mtoto haya?" Kisha akautemea mate. Mama yetu, Elide, ambaye hajawahi hata kusema neno punda mezani. Akatema tena.

Hakunyamaza mpaka jioni. Alinieleza kwamba Baba alimwomba Callegher fremu ndefu na laini ili ampakie yule wa Follina asiumie, wapande pamoja hadi mlimani San Boldo siku za mnada wa jibini, siku ambazo sisi tuliambiwa yuko kwenye mizani ya maziwa. Mto aliushona huyo mshonaji mwenyewe. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kila kijana hapa alimpakia mchumba wake kwenye bomba, unajua hivyo, ndivyo watu walivyotangaza uchumba. Mama hakupakiwa hata mara moja. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, nikiwa tumboni na ukiwa tumboni. Aliwahi kumwomba. Baba akamjibu kwamba bomba halibebi mtu mzima, litapinda.

Kesho yake akaiona tena, akaanza upya tangu mwanzo, kama ndiyo kwanza amegundua. Na siku iliyofuata. Akaacha kula. Nilijaribu kuirudisha darini, akawa anasimama chini ya ngazi na kuuliza nani yuko huko juu. Sasa niifanyeje? Nikaipakia garini nikampa mtu wa kwanza aliyewahi kuitaka, na sikutaka hata senti yake, maana mikono ilikuwa inaniwasha.

Taa na mwanasesere sikuviona. Nikivifikiria nachefukwa, halafu nakumbuka ule mto, najiuliza nachefukwa na nani hasa.

Wewe ulikuwa na umri wa miaka saba akikupakia, ukishuka unanukia mafuta yake ya nywele, na mimi nakimbia nyuma. Sikuona sababu ya kukunyang'anya hilo.

Ottorino


Livorno, 12 Oktoba 2009

Kaka Ottorino,

Nakusalimu, na safari hii namaanisha. Mtoto amezaliwa Agosti, msichana, ana mapafu ya mnadi wa samaki. Tumempa jina la Mama, Iole. Mkwe wangu amekula mchuzi wa samaki sahani tatu siku aliyotoka hospitalini.

Nimekaa kimya kwa sababu sikukuamini, halafu nikakuamini, na hiyo ya pili ndiyo iliyochukua muda. Mwisho wa Agosti nilirudi kwa Fantinel kabla hajafungua. Nikamwomba aishushe. Akaona uso wangu, akaishusha bila utani. Nilimtoa yule mwanasesere, nikapanda, nikaizungusha kwenye mawe ya kiwanja.

Nilitaka iwe mbaya. Nilitaka initwange mgongo, ilie, ipinde, nishuke nimeponyoka. Bado ni laini, Kaka. Imekaa na mafuta ya chewa miezi yote hiyo na bado inapita juu ya mawe kama inapita juu ya blanketi. Nimewaza kuhusu Baba akiwa kwa Callegher, anaagiza kwa makini iwe ndefu kiasi gani, uma upinde kiasi gani, mtu huyo ambaye hakujua hata Mama anavaa kiatu namba ngapi. Ndipo nikashuka. Nilikuwa sijafika kona ya kanisa. Mto niliufungua kwa bisibisi ya Fantinel, nikautumbukiza kwenye pipa la maganda ya kamba, nikanawa mikono kwenye sinki lake kwa sabuni ya vyombo. Baiskeli nikamwachia. "Ukitaka tena taa zako, washa," nikamwambia. Akasema hata yeye zilikuwa zimeanza kumchosha.

Kisha nikaenda kwa mama Wanda. Ile ya kahawia ni kama ulivyosema, kidole kinapita na kingine kinapita. Si laini kama ile nyingine. Ni laini kama kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nilipanda nayo hadi ngomeni na mgongo haukusema neno. Mama Wanda alinihakikishia mjomba wake hakuwahi kumpakia yeyote, nami nimeamua kuamini.

Matembezi ya Siena yamepita juzi. Masharubu yalikuwepo, nta ilikuwepo, mtu mmoja alinikosoa kwamba pedali zangu ni za miaka miwili baada ya fremu. Nikampita mlimani. Nilimaliza njia fupi nikiwa mweupe kwa vumbi mpaka kope, na nilipofika nilikunywa mvinyo nikalia kidogo nyuma ya meza ya soseji. Si kwa furaha tu.

Nitakuja mwezi ujao kwa sikukuu ya San Martino, na baiskeli nitaileta kwa treni, nataka uipime cheni. Ukiona itamuudhi Mama, niambie niiache kituoni.

Elide

N.B. Kuhusu padri, usiniandikie kitu.


Pieve di Soligo, 20 Novemba 2009

Mdogo wangu Elide,

Nategemea umefika salama na Iole mdogo amekuacha ulale. Kwa padri nisingeapa hata kama ningekuwa papa, lakini umesema nisiandike, basi siandiki. Cheni nimeibadilisha, ile ilikuwa imelegea. Baiskeli utaichukua Krismasi.

Kuna jambo lilitokea asubuhi ile uliyoondoka, wewe ukiwa kwa mwokaji unatafuta mikate ya njiani. Nilikuwa nimeitoa ya kahawia kutoka banda la kuni nikaiegemeza kwenye ukuta wa kisima, nikijua Mama yuko kitandani. Nikageuka kuchukua pampu. Nilipogeuka tena alikuwa amesimama mbele yake na ile fimbo.

"Ya nani hii?"

"Ya Elide, Mama."

"Arduino ameigusa?"

"Hajaigusa. Ilikuwa ya padri."

Akaguna. Akabonyeza kiti kwa kidole gumba, akabonyeza tairi, akapitisha kiganja juu ya bomba toka mwanzo hadi mwisho, polepole, anatafuta kitu. Bomba lilikuwa tupu. Kisha akanipa fimbo yake nishike.

"Nipandishe," akasema.

Nikamwambia Mama utaanguka, ana miaka themanini na minane, nikamwambia Elide anarudi sasa hivi, ngoja tumsubiri. Akanitazama kama ninavyowatazama wale watu wa masharubu ya nta. Basi nikaishika baiskeli kwa goti na ukuta, nikamwinua chini ya makwapa, hana uzito tena, nikamkalisha pembeni kwenye bomba la juu, miguu yake inaning'inia na soksi zimeshuka. Akashika usukani kwa mikono yote miwili. Nilimzungushia mkono ili asiteleze.

"Inaumiza makalio," akasema. "Chuma kitupu. Na yule alikuwa anapanda hivi mpaka San Boldo?" Akatema mate chini, upande, kwa adabu, asiichafue baiskeli yako.

Nikamwambia basi nikushushe.

"Subiri."

Akakaa. Akajitikisa kidogo mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu tawi. Akainama akatazama lile bomba chini yake, upande huu na upande huu, kwa makini sana, kuona kama limepinda.

"Kumbe linabeba mtu mzima," akasema.

Nikamshusha, akadai fimbo yake, akaingia ndani. Ulipotoka kwa mwokaji sikuweza kukueleza mbele yake, nikakwambia tu treni itakuacha.

Kaka yako,
Ottorino